Baragumu Lililotikisa Bomba

"Huyu na diploma yake hatapandisha hata ndoo moja ya maji." Ndivyo walivyosema watu wa Suji, kijiji chetu cha mlimani, niliporudi kutoka chuoni. Mwanangu, niliyapandisha maji, na mpaka leo nalitaja hilo kifua mbele. Ila nakumbuka siku moja ambayo nusura wenye midomo washinde.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya dhiki, na dizeli ilipatikana kwa kubembeleza. Kamati ya maji ilishaamua: bomba likipasuka tena, pampu iliyotupandishia maji kutoka bondeni inauzwa shamba la mkonge, nasi turudi kuchota bondeni. Mama yangu angekuwa wa kwanza kuteremka, na goti lake lilishachoka.

Sehemu moja ya ugonjwa wa bomba nilishaitibu. Bomba la zamani lilikuwa jembamba, lenye kona kama njia ya mbuzi, na kila kona hula nguvu ya pampu. Biashara zilipofunguliwa, mabomba ya plastiki yakaonekana Same mjini. Nikalaza bomba pana, nikanyoosha kona. Maji yakaja kwa kishindo. Lakini zamu ya kuchota ilipokwisha, bomba lilipasuka chini ya kanisa. Nikaliunga, likapasuka tena.

Siku hiyo nilisimama kando ya pampu, jicho kwenye geji ya presha. Mshale ulitulia. Mara juu likalia baragumu la Mzee Mbwambo, msimamizi wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Mshale ukaruka, bomba likaguna kama ng'ombe. Nikazima injini upesi, likanusurika.

Hapo nikaelewa. Kwetu, baragumu la ndiva likilia, zamu imekwisha. Kila mtu huziba mfereji wake papo hapo, maana kuchelewa ni kumwibia jirani. Basi na koki za kuchotea maji walizifunga zote kwa pamoja. Maji yanayokimbia hayana breki: yakizuiwa ghafla, hugonga bomba kama nyundo.

Nikapanda kijijini nikifoka. "Nani kawaambia mfunge hivyo? Ushamba gani huu?"

"Shikamoo kwanza," alisema Mzee Mbwambo. Watu wakacheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiva hii imekulea tangu unatambaa. Leo baragumu hulijui? Ulikwenda kusomea mabomba, ukatusahau wenye mabomba. Mwacha asili ni mtumwa."

Kisha nikamwomba apulize kwa kila koki peke yake, ifungwe taratibu, na ya mwisho isiguswe mpaka pampu izimwe.

"Kumbe unataka tuyaage maji," akasema.

"Ndiyo, mzee. Tuyaage."

Jioni ile mshale ulishuka kwa adabu. Koki ya mwisho aliifunga mama yangu, ndoo imejaa miguuni pake, bonde liko mbali.

Mwanangu, soma, tena jivune, mimi najivuna. Lakini nyoosha kona zinazokula nguvu zako bure, na usizuie ghafla kinachokwenda kasi, hata hasira yako. Na kabla hujatengeneza chombo, jua desturi ya mikono itakayokishika. Mungu akupe msukumo wa kuupanda mlima wako, na akufikishe juu bila kupasuka.