Mto Wenye Ukingo Mmoja

Ishak Shariff, mzaliwa wa Bondeni mjini Nakuru, maisha yake yote ya kazi alikagua mito juu ya karatasi. Msicheke, ilikuwa kazi, tena ya serikali. Miaka ile ya sabini, mtu akitaka kujenga ukingoni mwa mto, iwe ni ukuta wa mawe au vile vikapu vya waya vinavyojazwa mawe, alipeleka ramani ofisi ya maji, na Ishak aliipitia kabla mkubwa hajagonga muhuri. Msingi umeshuka vya kutosha? Mawe yatakaa? Ukuta utashika? Hayo ndiyo maswali aliyofundishwa. Ya ng'ambo hayakumhusu. Ramani huchorwa na mwenye kuomba, na mwenye kuomba huchora kwake tu. Ng'ambo ya mto, karatasi hubaki nyeupe.

Basi mwaka wa sabini na saba, mwanzoni, ikaja ramani ya Pritam Singh, mwenye kinu cha unga karibu na Rongai.

"Ishak bhai, ndugu yangu, kuja uone mwenyewe," Pritam alimwambia. "Mashine yangu inakaribia kuoga."

Ishak alikwenda kiangazi, mto umekonda mpaka mbuzi wanavuka bila kulowa magoti. Pritam hakuwa mwongo. Ukingo ulikuwa umeliwa, ukuta wa kinu umepasuka. Lakini pale mto hupinda, na Ishak alijua kuwa maji ukiyanyima huku huenda kudai kule. Akavua viatu, akavuka kwenda kuuona ule upande mweupe.

Huko alimkuta mjane, Wachuka, akipalilia viazi. Yeye na mumewe walinunua hisa za kampuni ya ardhi, shamba la mzungu lilipogawanywa wakaangukiwa na kipande cha mtoni. Mume hakukaa sana. Alizikwa palepale, karibu na maji, na juu yake Wachuka alipanda yale maua meupe ambayo Wakikuyu huwekea mpaka.

"Mzee wa serikali, unatafuta nini kwa viazi yangu?"

"Ng'ambo watajenga ukuta, mama. Mvua ikija, maji yatapiga huku kwako."

Wachuka aliutazama mto, akacheka. "Hii? Hii hata bata inaionea huruma."

"Ikifika Aprili haitakuwa hii."

Kicheko kikakatika. "Basi niandikie na mimi ukuta."

"Lazima uombe mwenyewe, na uwe na hati ya shamba."

"Hati iko kwa kampuni. Na kampuni iko wapi? Wewe ndiye serikali, niambie."

Ishak akatazama yale maua, na hapo ndipo alipoteleza. Kwao Bondeni, maji yakitishia kaburi, watu hukusanyika wakamhamisha marehemu wao kwa dua. Akadhani ni hivyo kila mahali.

"Nitakuletea watu, mama, tumhamishe mzee taratibu."

Jembe lilisimama hewani.

"Nyumba nitahamisha hata kesho, ni miti na mabati. Huyu hahami. Nani kwetu atashika mfupa halafu arudi kula na watoto?"

"Nisamehe, mama."

"Sina ubaya na wewe. Zuia maji tu."

Ofisini, Ishak aliomba ramani irudishwe, pande zote mbili zichorwe. Mkubwa wake, Bwana Cherono, alivua miwani.

"Huyo mama ameomba?"

"Hana hati, bwana."

"Basi kwetu hayuko." Akaifuta miwani kwa muda mrefu. "Kinu kikianguka na watu ndani, utasema nini? Weka sharti moja, mwenye kinu apande matete kule kwa mama. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Pritam alikubali, akajenga ukuta wake, akaleta mkokoteni mzima wa matete, akasimama mwenyewe juani yakipandwa. Lakini matete hutaka misimu miwili ndipo yashike udongo, na mvua haikuwa na subira hiyo. Wachuka aliyamwagilia kwa debe. Ng'ombe wa majirani wakapita, wakala machipukizi. Alipopanda tena, mawingu yalikuwa tayari yamelala juu ya milima ya Mau.

Mafuriko yalipopungua, Ishak alitumwa kukagua ukuta. Alisimama juu yake. Haukupungukiwa hata jiwe, na nyuma yake kinu kilikuwa kikinguruma, akina mama wamepanga foleni na mahindi yao. Ng'ambo, ukingo ulikuwa umekatwa wima kama mkate. Viazi vimekwenda, na pale penye kaburi palikuwa na maji ya kahawia yakizunguka taratibu. Ua moja tu lilibaki, linaning'inia kwa mizizi.

Wachuka alikuwa ameketi juu kule ng'ambo, miguu yake karibu na ukingo. Alimtambua, akapaza sauti juu ya mto.

"Mzee wa serikali! Ukuta umeshika?"

Alitamani kusema jambo lingine, lolote.

"Umeshika, mama!"

"Haya, andika!"

Akaandika. Alipoinua macho, Wachuka hakuwa akimtazama tena. Alikuwa ameinama, ananyoosha mkono kulifikia lile ua, na mkono haukufika.