Jina la Dawa Lililonitoka

Siku tatu kabla ya mtihani wangu wa saikolojia, mama alibanwa na pumu dukani kwetu Kariakoo, katikati ya marobota ya mashuka. Mimi na jirani tulimbeba hadi zahanati ya mtaa wa nyuma. Midomo yake ilishaanza kubadilika rangi.

"Sindano zimetuishia," muuguzi aliniambia, huku amemkumbatia mama asianguke. Akanionyesha boksi tupu, akataja jina la dawa mara mbili. "Usichanganye na ile inayofanana nayo jina. Ile inamdhuru. Kimbia, dada!"

Simu niliiacha dukani. Nikakimbia nikilinong'ona lile jina bila kupumzika. Wiki nzima nilikuwa nimekariri nadharia moja ya mtihani huo: kumbukumbu tunayoitumia kwa sekunde chache ina sehemu ya sauti, ambamo maneno hukaa maadamu unayarudia, ina sehemu ya picha, na juu ya zote mbili kuna msimamizi anayeamua tuzingatie nini. Kwa wauza nguo, spika zikanipigia kelele masikioni: "Njoo uchague! Njoo uchague!" Nilipofika duka la dawa, jina halikuwepo.

"Shikamoo, mzee. Naomba dawa ya... sindano ya pumu..."

"Marahaba. Inaitwaje, binti?"

Nikamwambia limenitoka. Akaweka maboksi mawili mezani, moja la bluu, moja la kijani. Nikalinyooshea kidole la bluu.

"Una hakika?"

Hapo hofu ikanishika mwili mzima. Nililiona lile boksi tupu likiwa la bluu, mara la kijani, kisha sikuona kitu. "Sina hakika, mzee. Mama anakufa."

Mzee akatoka nyuma ya meza. Akabeba yote mawili, akakunja kanzu yake, tukakimbia pamoja. Muuguzi akanyakua la bluu. Nilisimama ukutani nikihesabu pumzi za mama, nikiogopa kila moja kuwa ndiyo ya mwisho, mpaka alipofumbua macho na kuomba maji.

Swali la mtihani lilitaka ubora na udhaifu wa nadharia ile. Niliandika kwamba inaeleza vizuri kwa nini kelele hufuta jina na kuiacha picha. Lakini msimamizi hutwishwa kazi zote ngumu bila kuelezwa ni kitu gani, na nadharia haisemi anakwenda wapi mtu akiingiwa na hofu.

Mhadhiri aliandika pembeni: "Mfano mzuri. Umeutoa wapi?"

Sikumjibu. Ningelazimika kumwambia jinsi, mzee aliponiuliza kama nina hakika, mkono wangu ulivyoanza kusogea kwenye boksi la kijani.