Jina la Mwisho kwenye Orodha ya Kabuga

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tisa, mwanangu, mvua za kwanza zimeshaanza kunyesha Kigali, nami nimekaa mbele ya kompyuta pale Kacyiru nikiitukana kimoyomoyo. Imenijia leo kwa sababu ya barua uliyoniletea ofisini jana, ya kuomba seva kubwa zaidi. Nimeisoma mara mbili, nikacheka, wala si kwa kukudharau. Mimi pia niliwahi kuandika barua kama hiyo, na ninayo mpaka leo kwenye droo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania nilikokulia, Kinyarwanda changu cha kubahatisha, Kifaransa sina kabisa, ila cheti cha kompyuta ninacho na kichwa kikubwa pia. Nilichukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu katika ofisi iliyogawa mbegu kwa wakulima, chini ya Mzee Anaclet. Yeye alikulia Bujumbura, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, yeye na chake, mimi na changu. Kwenye kompyuta Mzee aliandika programu kwa lugha ya safu, ile ambayo huhangaiki na kitu kimoja kimoja. Unaipa kompyuta orodha nzima na inaifanyia kazi kwa mpigo mmoja. Alama zake hazikuwepo kwenye kibodi ya dukani, tukazichora kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika juu ya vibonye. Alama zote nilizijua kwa wiki mbili, nikajiona nimefika. Namna ya kufikiri ya lugha ile sikujishughulisha nayo.

Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Kulikuwa na majina ya wakulima wa upande wa Kabuga, maelfu yao, yamepangwa kwa herufi. Nilitakiwa niyaunganishe yawe andiko moja refu, koma kati ya jina na jina, kwa maana programu yetu ya kuchapa ilipokea andiko moja tu. Lori la mbegu lingeondoka saa nane mchana na orodha hiyo. Orodha isipokuwa tayari, diregiteri, mkuu wetu wa ofisi, alisema, lori litapelekwa wilaya nyingine na Kabuga watangoja wiki nzima. Watu walikuwa wameshalima, mvua ndiyo hiyo, na ardhi haingewangoja.

Nikaandika programu kama nilivyozoea kwingine. Chukua jina, libandike mwisho wa andiko, weka koma, rudi uchukue lingine. Nilijaribu kwa majina kumi, ikajibu kabla sijatoa kidole kwenye kibonye. Nikatamba ofisi nzima kwamba orodha itakuwa mezani kabla ya chai.

Saa mbili asubuhi nikaianzisha kwa majina yote. Herufi A ilipita mbio, B ikapita. Saa nne ilikuwa kwenye H, inatambaa. Saa tano ikaingia kwenye M na ikawa kama imelala. Nawe unaijua nchi hii, majina yetu mengi ni ya M na N, ukifika kwa akina Mukamana hata nusu ya safari hujamaliza, na akina Nyirahabimana wako mbele wanakusubiri. Niliwaza lori, nikawaza majaribio yangu, na kwa kweli niliogopa. Badala ya kumwuliza mzee aliyekaa hatua tatu kutoka kwangu, nikachukua karatasi nikaandika barua kwa diregiteri, kwamba kompyuta imechoka na tunahitaji mpya yenye nguvu.

Mzee Anaclet aliichukua barua kabla haijafika popote. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kompyuta haiko na shida," akasema. "Kamata chaki. Andika jina la ndugu yako moja."

Nikaandika Aline ubaoni.

"Sasa ongeza ya pili. Lakini si hapo. Anza mustari mupya, andika tena Aline, na ule wa pili."

Nikaandika Aline, Beata. Akaniambia niongeze wa tatu, tena kwa mstari mpya, tena kuanzia Aline. Yeye akamimina chai yake akakaa. Nikaendelea mpaka jina la kumi, mkono unauma, vumbi la chaki limejaa kwenye sketi yangu mpya.

"Aline umemuandika mara ngapi?"

"Mara kumi, Mzee."

"Yeye alikukosea nini?"

Chumba kizima kilicheka, mimi wa mwisho. Ndipo aliponieleza. Katika lugha ile, kila ukibandika jina mwisho wa andiko, kompyuta haibandiki. Inatafuta nafasi mpya, inanakili andiko zima la mwanzo, inaongeza hicho kijina kimoja, kisha inatupa la zamani. Majina kumi huoni kitu. Majina maelfu, kila jina linalokuja linangoja yote yaliyotangulia yanakiliwe upya, na jina la mwisho ndilo linalongoja kuliko yote.

"Weye uko na orodha yote tayari," akasema. "Kwa nini unaokota jina moja moja kama hauko nayo? Hesabu kwanza, mukobwa wanjye, binti yangu. Kata nafasi mara moja. Kila mutu akae kwake."

Hakunigusia kibodi hata kidogo, alinikalia tu pembeni. Kila jina nikalitangulizia koma yake. Nikaiuliza lugha urefu wa kila moja, wote kwa mpigo. Nikajumlisha ule urefu hatua kwa hatua, na hapo nikajua kila jina linaanzia wapi na andiko zima litakuwa refu kiasi gani. Nafasi ikachukuliwa mara moja, majina yakakaa. Mwishoni nikaikata ile koma ya mbele kabisa isiyo na kazi. Programu nzima ilikuwa mstari mmoja, na alama zake nilizijua zote tangu zamani. Nilibonyeza nikanyanyua kikombe cha chai, na kabla sijanywa, orodha ilikuwa imekwisha.

Diregiteri alinituma niende na lori, pengine aone kama najua matope. Pale Kabuga watu walikuwa wamejaa chini ya mvua nyepesi, magunia matupu mabegani. Karani alisoma majina mpaka jioni ikakaribia. Mbele kabisa ya foleni alisimama bibi mmoja ambaye hakuitwa, hakuitwa, wala hakusogea. Nikamwuliza kama ana hakika jina lake lipo. Akasema, "Liko. Mimi ni Zaninka. Mimi huwa niko wa mwisho siku zote." Lilipoitwa aliitika kwa sauti ya kijana, akaweka gunia lake kichwani akaondoka anatabasamu. Niligeukia lori nikalia kidogo. Ile programu yangu ya asubuhi isingemfikia bibi yule.

Siku alipostaafu, Mzee Anaclet alinirudishia barua yangu, imekunjwa vilevile.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Kabla hujaomba mashine kubwa, itazame kazi yako yote kwa pamoja, uipime, uiandalie nafasi mara moja. Usirudie ya mwanzo kila unapoongeza jambo jipya, na hilo si la kompyuta peke yake. Mume wangu atakuambia kwamba nyumbani lilinichukua miaka. Tulikuwa tukikosana kwa sababu ya chumvi, mimi naanza kumsomea makosa yake tangu siku aliyokuja kwetu kuposa. Ukikwama, mwulize aliye karibu kabla hujamwandikia aliye mbali. Na programu yako usiijaribu kwa majina kumi ukatamba. Ijaribu kwa kumfikiria aliye mwisho wa orodha, maana uzembe wako yeye ndiye anayeubeba.

Barua yako sijaisaini. Nimeiweka kwenye droo pamoja na yangu. Chaki iko ubaoni, njoo kesho asubuhi, uje na jina la ndugu yako mmoja. Mungu akupe akili tulivu na mkono mwepesi, akuweke miaka mingi katika kazi hii, na kila Zaninka anayekungoja mahali usipopajua aitwe jina lake kabla mvua haijakatika.