Koti la Kwenda Chicago

Siku ile uwanjani kwetu Ntalikwa walikuwepo hawa: mimi, mkubwa wa nyumba, mdogo wangu wa kiume, ambaye mkutano ulikuwa wake, mdogo wetu wa mwisho, msichana aliyekuwa bado anasoma shule ya misheni, shangazi, dada yake marehemu baba, baba mdogo, aliyefika kwa treni kutoka Bukene, padri wa parokia yetu, ambaye ni mtu wa Amerika, na mtani wetu, Mzaramo mtu mzima aliyekuwa na kazi ya kugeuza njia za reli katika stesheni ya Tabora. Nawataja wote kwa sababu wote waliona.

Baba na mama walikuwa wamelala nyuma ya nyumba, pembeni mwa shamba la karanga. Mtani huyo ndiye aliyewachimbia. Alichimba huku akiwatukana kwa sauti, akisema wameona msimu wa kulima unakaribia ndiyo maana wamekimbilia chini. Watu walicheka huku wanalia. Utani wetu na Wazaramo umetoka njiani, zamani babu zetu walipobeba mizigo hadi pwani. Huko pwani, aliyeanguka kwa ugonjwa alizikwa na wenyeji, na tangu hapo tunatukanana, tunanyang'anyana vitu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Humpelekea mtani wake jogoo kwa mkono wake mwenyewe, wakala pamoja, naye akachekwa mpaka kila mtu atosheke.

Mimi nilitolewa shule darasa la pili, wazazi walipofariki. Nilishika jembe, na wadogo zangu wakashika vitabu. Huyu wa kiume alifika mbali, akawa karani katika ofisi ya serikali mjini, na sasa padri alikuwa amemtafutia nafasi ya kusoma Amerika. Vyuo vitatu vilikuwa tayari kumpokea, kimoja New York, kimoja Chicago, kimoja San Francisco. Padri alisema jibu lazima liende wiki ile, na kwamba ni vizuri nyumba nzima ikubaliane kijana akaishi wapi. Kama tungechagua vibaya, angekaa peke yake miaka mingi mahali pabaya, na sisi hatukuwa na njia ya kumfuata.

Sisi Amerika tuliijua kwa nguo tu. Shangazi alikuwa amejifunga merikani nyeupe, ile ile waliyoijua babu zetu, akaanza yeye.

"Padri, tuanze na maji. Katika miji hiyo yanachotwa wapi?"

"Hayachotwi, mama. Yanakuja ndani ya nyumba."

"Mitatu yote?"

"Mitatu yote."

"Basi hapo imelingana. Endelea."

Padri alizaliwa shambani kama sisi, lakini miji hiyo aliijua. Alisema New York nyumba zimepandana hadi mtu anaweza kuishi miaka bila kumfahamu anayelala juu ya kichwa chake. Baba mdogo aliuliza moto ukiwaka watu wa juu wanashukia wapi, na jibu la padri halikumridhisha. San Francisco ni mji wa vilima na ukungu, alisema, hewa yake si kali, lakini ukishuka melini unavuka nchi nzima kwa treni ndipo ufike. Chicago iko kando ya ziwa, na reli za nchi nzima hukutana pale.

Baba mdogo akapiga paja. "Kama Tabora! Kigoma huku, Mwanza huku, Dar es Salaam huku."

"Kama Tabora," padri alikubali kwa upole. "Ila ni kubwa kidogo. Na baridi yake ni kali. Wakati wa baridi maji ya ukingoni mwa ziwa huwa magumu, mtu anatembea juu yake."

"Juu ya maji?" mtani akadakia. "Watu wote? Basi padri, mbona mmekuja kutuhubiria sisi habari za mtu mmoja?"

Padri alicheka mpaka akafuta miwani.

Nikauliza langu. "Chumba cha kupanga atapata wapi kwa urahisi?"

Padri alisema katika kila mji kuna mitaa ambako mtu mweusi akibisha hodi ataambiwa chumba kimejaa, hata kama kiko wazi. Chicago wako watu weusi wengi wenye mitaa yao, na huko angepokelewa.

"Kama Uzunguni hapa mjini," shangazi alisema.

"Kama hapa, mama," padri alijibu, akawa anatazama viatu vyake.

"Swali lenyewe hamjauliza," mtani alisema. "Akifa, Wazaramo wako mji gani?"

Tukacheka tena, tukakubaliana Chicago. Baba mdogo alisema penye njia nyingi za reli hakosi mtu njia ya kurudi kwao. Hakuna aliyekuwa na sababu nzuri kuliko hiyo.

Hapo nikaingia ndani kuleta koti. Nilikuwa nimelinunua mjini, katika zile nguo zilizokwisha kuvaliwa na wenyewe Ulaya, ambazo watu huziita kafa ulaya. Lilikuwa zito, jeusi, la mtu mrefu. Karanga za msimu mzima ziliingia katika koti lile. Nilitaka kumvika mdogo wangu mbele ya wote, wazazi nao waone kutoka walipo.

Sikufika. Mtani alinipokonya mlangoni.

"Mke wangu, ahsante! Ulijua nina baridi."

Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto. Akalivaa, mikono ikapotea ndani, akaanza kutuonyesha miji. New York alitembea shingo nyuma akihesabu mapaa, akajigonga kwenye banda la kuku. San Francisco alipanda kilima kisichokuwepo, mgongo umepinda, akihema, "Nilikuja kusoma, nimekuwa punda!" Mdogo wetu wa mwisho alicheka hadi akakaa chini.

Kisha Chicago. Alitetemeka, meno yakagongana, akabisha nguzo ya jiko.

"Hodi! Naomba chumba."

Akajijibu kwa sauti ya puani, "Kimejaa."

Akahamia nguzo ya pili. "Hodi! Mimi ni karani! Nina kalamu mbili mfukoni!"

"Kimejaa."

Akapiga magoti mbele ya mlango wetu. "Hodi! Mimi ni yule yatima wa Ntalikwa, dada yangu ndiye baba, dada yangu ndiye mama, nimekula karanga zake zote nimebakiza maganda—"

Mdogo wangu alisimama. Nilimwona uso na nikajua, lakini nilikuwa mbali.

"Vua!" alisema. "Vua koti langu! Mzee mzima huna haya? Mikono yako yote grisi ya reli!"

Alilivuta. Mshono wa bega ukaachia, na sauti ile ya kitambaa kuchanika tuliisikia sote.

Nilingoja mtani acheke. Nilimwomba Mungu acheke, maana angecheka tungetafuta jogoo pale pale na mambo yangekwisha. Alinyanyuka taratibu, akalivua, akalikunja vizuri kama anayekunja nguo ya mgeni, akaliweka mapajani mwa shangazi. Kisha akamwambia mdogo wangu:

"Samahani, bwana."

Mtani anamwomba mtani wake samahani. Anamwita bwana. Shangazi alijifunika uso kwa merikani yake. Baba mdogo alitazama chini. Padri hakuelewa vizuri, akageuza kichwa huku na huku akitafuta nani amwambie nini kimetokea. Mtani alichukua baiskeli yake, akapita kati ya makaburi aliyoyachimba na shamba letu, akaenda zake.

Nilisikia aibu ambayo sijaisikia hata siku tulizoomba chumvi kwa majirani. Ukiwa maskini, aibu yako unaweza kuifanyia kazi ipungue. Hii ilitoka mdomoni mwa mtu niliyemlea mwenyewe. Na nilijua ilikoanzia. Wakati wazazi wamekufa, watoto wa jirani walipokuwa wakimcheka kwa suruali yenye viraka, mimi ndiye niliyemwambia asikubali mtu kumcheka. Sikumweleza kwamba kuna kicheko kingine.

"Utampelekea jogoo kesho," nilimwambia.

"Dada, naenda Amerika. Mambo haya ya zamani tuyaache."

Asubuhi yake nilikamata jogoo mwekundu nikaenda mwenyewe hadi nyumba za reli. Mtani alinipokea vizuri mno. Alinipa kiti, akanipa chai, akaniuliza habari za shamba. Aliniita "dada". Chai ilinishinda kunywa.

"Jogoo huyu mrudishe," alisema. "Si wewe uliyekasirika."

"Nimekuja kwa niaba yake. Mimi ndiye mzazi."

"Najua, dada. Lakini utani haulipwi kwa niaba."

Nikashona bega la koti kwa uzi mweupe, mweusi sikuwa nao. Kwetu mtu wa safari ndefu husindikizwa na mtani, anamtukana njia nzima ili balaa icheke na kumwacha. Siku ya kuondoka hakuna aliyemtukana. Tulisimama stesheni kimya kama watu wanaosafirisha mwili. Treni ya pwani ilipoanza kwenda nilimwona mtani wetu kule mbele, ameshika mkono wa chuma wa kugeuzia njia. Aliigeuza sawasawa. Behewa la mdogo wangu lilipita karibu naye kiasi cha kushikana mikono. Hakuinua kichwa, na dirishani hakuna mkono uliotoka.

Barua zake zilikuja polepole, nami nilizisoma polepole. Chicago ilikuwa na baridi kama alivyosema padri, na milango ilifungwa kama alivyoigiza mtani. Alipomaliza chuo alijaribu New York, akafanya kazi huko, akaona watu wengi wanaokimbia. Kisha akavuka kwenda San Francisco, ambako aliandika kwamba asubuhi zake zinamkumbusha Tabora ya mwezi wa sita, na koti halihitaji tena lakini halitupi. Alilinganisha miji ile kwa kodi, kwa chakula, kwa majirani. Mwishoni mwa barua moja aliandika maneno niliyoyasoma mara nyingi: "Dada, nimekaa miji yote mitatu, na hakuna hata mmoja ambako mtu amenicheka usoni. Mwanzoni nilidhani ni heshima."

Barua hiyo niliipeleka stesheni. Siku hiyo mtani alikuwa amestaafu, anarudi kwao Uzaramo na godoro lake na kuku wake kwenye kikapu. Nilimsomea pale jukwaani, watu wakitupita na mizigo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mke wangu, unasoma kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele."

Nililia pale pale mbele ya abiria. Miaka yote ile hakuwa ameniita hivyo.

"Wewe sina neno nawe," alisema, akipanda. "Yeye bado. Mwambie meli ikimshusha Dar es Salaam, kabla ya kuja kwenu apite kwangu. Na afanye haraka. Nataka kumcheka na meno, na yananiacha."

Nilimwandikia vivyo hivyo. Alijibu kwamba atakuja, akipata nafasi, labda mwakani, bado hajajua.

Jogoo ninaye. Si yule mwekundu, huyo alizeeka akafa. Huyu ni mtoto wa watoto wake. Krismasi iliyopita mdogo wetu wa mwisho alikuja na mume wake na wanawe, akaniuliza kama tumchinje, maana amenona.

"Mwache," nilimwambia. "Huyo ana mwenyewe."