Picha Zilizopachikwa Katikati

Kwa miaka thelathini na moja watu walimwita Bwana Taa, maana ndiye aliyeendesha mtambo wa jumba la sinema hadi lilipofungwa na kugeuzwa ghala la magodoro. Mkewe alikwisha kufariki. Binti yake, aliyeolewa mbali, aliona baba anabaki kutazamana na kuta, akamnunulia televisheni mpya, pana kama mlango uliolazwa.

Jioni ya kwanza Bwana Taa alitafuta filamu ya zamani aliyowahi kuionyesha mara chungu nzima. Dakika tano hazikupita, akaingiwa na baridi moyoni. Waigizaji walikuwa wanateleza, utadhani wamepigwa picha jana sebuleni kwa jirani. Chanzo alikijua: filamu ina picha ishirini na nne kwa sekunde, na televisheni, kwa ujuaji wake, ilikuwa ikibuni nyingine na kuzipachika katikati.

Akamwita jirani yake, mama fundi cherehani, aje aone. Mama akasifu jinsi picha ilivyo safi, akarudi kwenye nguo zake. Ndipo Bwana Taa akampigia simu binti yake.

"Imeharibika, baba?"

"Haijaharibika. Inatembea vibaya."

Binti akamshauri kwa upole akapime macho.

Kesho yake alivaa miwani, akashika rimoti, akapekua mipangilio mmoja baada ya mwingine hadi akakuta pameandikwa "kulainisha mwendo". Akazima. Filamu ikarudi kama alivyoizoea, na ule mtetemo wake mdogo. Akacheka, akageuka amwambie mtu. Hapakuwa na mtu.

Akafunga safari hadi kwa Mrefu, aliyepokezana naye zamu kwenye mtambo miaka yote ile. Alimkuta barazani, redio mapajani, akamsimulia kisa chote bila kupumua. Mrefu alisikiliza, uso ameuelekeza kando kidogo ya pale mgeni alipokaa.

"Ningependa kuona, ndugu yangu," akasema. "Macho yalinitupa mkono mwaka jana."



Jumamosi Bwana Taa alimfuata, akamshika mkono hadi kwake, akamkalisha mbele ya filamu na kumweleza kila kinachopita: nani ameingia, nani amegeuka. Haikufika nusu, Mrefu akaanza kukoroma. Bwana Taa akapunguza sauti yake, kisha akanyamaza kabisa, akaitazama peke yake hadi mwisho.