Waliopimwa Mara Mbili

Wafumaji wa kiwanda cha nguo walimwita mpima usikivu wao Bi Masikio. Kila mmoja alishaingia kwenye kijumba chake cha kioo, akavalishwa hedifoni na kuambiwa anyooshe kidole akisikia mlio. Mwaka ule aliwapima watu ishirini na wanne kabla ya mashine mpya kusimikwa, akawapima tena miezi sita baadaye. Alilinganisha wastani wa kwanza na wa pili, akasaini ripoti: kelele hazijamdhuru mtu. Jumatatu mashine nyingine kumi zingesimikwa.

Jumapili mchana walikuwa mezani, yeye na kaka yake, mfumaji wa siku nyingi.

"Kaka, nisogezee sahani."

"Jirani? Jirani gani tena?"

Watoto wakaangua kicheko, na kaka mtu akacheka nao. Bi Masikio akaliacha tonge; kaka yake hakuwa mzito wa kusikia hapo awali.

Akaingia chumbani, akafungua kompyuta yenye vipimo vyote. Loo! Alikuwa ametumia jaribio la takwimu la kulinganisha makundi mawili ya watu tofauti, na hawa ni watu walewale. Mzee mwenye masikio mazito tangu zamani na kijana anayesikia hata sindano ikianguka walikuwa wametiwa kapu moja, tofauti zao zikaifunika hasara ya kila mmoja. Safari hii akamlinganisha kila mtu na nafsi yake. Ishirini na mmoja walikuwa wamepungukiwa usikivu. Kaka yake alikuwa namba tisa.

Akaiona akilini barua ya kufukuzwa kazi. Kisha akawaza: nikinyamaza, nani atajua? Wazo hilo likamtisha kuliko barua.

Kulipokucha alikuwa mlangoni kwa daktari wa kiwanda.

"Daktari, ripoti ina kosa. Nimesema madhara hayapo, kumbe yapo."

"Na sahihi yangu iko chini ya yako?"

"Ndiyo, daktari."

Daktari akavua miwani.

"Funga mlango," alisema. "Nionyeshe."

Saa nne mafundi waliokuwa wakisimika mashine waliambiwa wasitishe kazi. Viziba masikio viliagizwa, Bi Masikio akala barua ya onyo. Kaka yake akahamishiwa stoo, ila usikivu uliopotea haukurudi.

"Hivi mdogo wangu," alimwuliza siku moja, akipaza sauti bila kujijua, "ningekuja kupimwa mapema zaidi, ungegundua tatizo?"

"Ulikuja mapema, kaka," alijibu, macho chini. "Mara mbili."

Hakujua kama alimsikia, na aliogopa kurudia.