Glasi ya Fundi Cherehani

Asubuhi ile ya likizo, fundi cherehani aliamka kwanza, akamshonea mumewe kifungo cha shati, akakata uzi kwa meno kama alivyozoea miaka arobaini. Kisha wakaenda kuonja divai kwa rafiki yao wa zamani, mkulima wa zabibu. Walipokuwa wakitoka, mlangoni mwa ghala la divai fundi akapepesuka.

"Shemeji, glasi moja tu chali?" rafiki akamtania.

Mzee, mumewe fundi, akacheka kuliko wote. Naye ndiye aliyejua kwamba mkewe hakuonja hata tone, maana divai ya glasi yake mkewe alimmiminia yeye, naye akainywa. Jioni moyo wa fundi ukasimama. Mpaka leo mzee hafungi kifungo kile bila kuyasikia maneno ambayo mkewe alimwambia pale mlangoni: "Cheka tu, baba, ila nishike mkono."